Watu wanane, barua nne: kisa cha mwombaji wa shahada ya DO

Mwombaji wa kisa hiki ni binti aliyelelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, akahamia Columbus, jimbo la Ohio, na mama yake na wadogo zake akiwa bado msichana wa shule. Jina lake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha. Alipomaliza shahada ya biolojia aliamua kuomba nafasi katika vyuo vya osteopathia, vile vinavyotoa shahada ya DO, moja kati ya shahada mbili za udaktari nchini Marekani. Insha yake ilikuwa imekamilika, mtihani wa MCAT, ule wa kuingia vyuo vya udaktari, ameshafanya, na orodha ya vyuo ilikuwa tayari, kikiwemo Heritage College cha Ohio University ambacho kampasi yake moja iko Dublin, pua na mdomo na Columbus. Kilichomkwamisha ni barua za mapendekezo. Watu wa kumwandikia hakuwakosa; alikuwa nao wanane.

Aliwapanga kwa ukubwa wa vyeo. Juu kabisa alimweka daktari bingwa wa moyo, Mtanzania wa Mwanza, mtu ambaye kwenye harusi na misiba ya Waafrika Mashariki wa Columbus humkosi meza ya mbele. Akafuata mjomba wake, daktari huko Bukavu, kisha mchungaji wa kanisa lao. Chini yao walikuwa profesa wa kemia ogania aliyempa A, profesa wa bayokemia aliyempa B+, na mratibu wa wakalimani katika kliniki ambako alikuwa akiwatafsiria wakimbizi wapya. Mwishoni, karibu kama nyongeza, aliandika msimamizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee alikofanya kazi zamu za usiku, na mwanafunzi wa uzamivu aliyesimamia maabara yake ya fiziolojia.

Mpangilio huo naujua, na wasomaji wengi mnaujua. Kwetu barua ni ya mkubwa. Ukitaka kazi au shule unamtafuta mtu ambaye jina lake litamfanya msomaji akae vizuri kwenye kiti. Maneno yanaweza kuwa mistari minne tu. Kinachobeba uzito ni muhuri. Wala si ujinga. Mkubwa anaweka heshima yake rehani kwa ajili yako, na anayeipokea barua anajua atamdai nani ukiharibu. Shida ni kwamba mpango huo hufanya kazi pale tu msomaji anapomjua mkubwa mwenyewe. Kamati ya udahili inayolisoma faili hili kule Missouri au Maine haimjui bingwa wetu wa moyo. Kwake ni jina moja kati ya majina mengi ya madaktari, na swali la kamati ni moja: huyu aliona nini?

Nikiwa mshauri wake katika maombi haya, nikamwomba aiweke orodha pembeni, tuanze na faili lenyewe.

Kila faili la maombi lina madai. La kwake lilikuwa na matatu. Dai la kwanza: naweza kubeba mzigo wa sayansi wa chuo cha udaktari. La pili: nataka kuwa daktari wa DO, sijaja hapa kwa sababu ya kukosa kwingine. La tatu: najua kumhudumia mgonjwa hata pale ambapo hakuna anayenitazama. Insha yake iliyasema yote matatu, na iliyasema vizuri. Lakini hayo ni maneno ya mwenye kesi. Katika faili zima, barua ndizo mahali pekee ambapo mtu mwingine anasimama na kusema kile alichokishuhudia. Kwa hiyo jambo la kutafuta lilikuwa hili: ni dai lipi lenye shaka kubwa kuliko mengine, na nani aliliona kwa macho yake?

Shaka kubwa ilikuwa kwenye dai la kwanza, na binti mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwaka wake wa kwanza katika chuo cha jamii, Kiingereza kikiwa bado kinamkwama kooni na akifanya kazi usiku, alipata C katika kemia ya jumla. Alilirudia somo akapata B. Zamani AACOMAS, mfumo unaopokea maombi ya karibu vyuo vyote vya DO, ulihesabu alama ya mwisho tu kwa somo lililorudiwa, na waombaji wengi wenye mwanzo mbaya waliokolewa na kanuni hiyo. Tangu 2017 mambo yalibadilika: alama zote mbili zinaingia kwenye wastani. C yake ipo, na itabaki hapo. Msomaji wa faili ataiona kabla hajafika kwenye insha, na atajiuliza kama ni ajali ya mwanzo au ndio uwezo wake.

Sasa rudi kwenye orodha. Kati ya wanane, ni watu wangapi waliomwona akipambana na sayansi? Bingwa wa moyo hakuwahi. Mchungaji alimwona kwaya. Mjomba, pamoja na udaktari wake, ni ndugu, na vyuo havitaki barua za ndugu hata ndugu huyo awe na vyeo vya aina gani. Tulimfuta bila mjadala. Walibaki watatu: profesa wa A, profesa wa B+, na mwanafunzi wa uzamivu.

Hapa ndipo tulipobishana kweli. Kwake lilikuwa jambo lisilohitaji kufikiriwa: unamwomba aliyekupa A. Nikamuuliza kama profesa yule anajua jina lake. Akacheka. Darasa la kemia ogania lilikuwa ukumbi mzima, yeye alikaa nyuma, alifanya mitihani, akapata A, wakaachana. Profesa wa namna hiyo akikubali kuandika, atafungua orodha ya alama na kusema kwamba mwanafunzi huyu alipata A na alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri. Kamati inayo transkripti, yaani orodha rasmi ya alama zake, mezani. Barua hiyo itaisomea upya kile ilichokwisha kukisoma. Mbaya zaidi, wasomaji wa barua hizi wamezizoea kiasi kwamba barua tupu inawaambia kitu: mwombaji huyu alipita chuoni miaka yote na hakuna mwalimu wa sayansi anayemfahamu.

Profesa wa bayokemia alikuwa na kisa cha kusimulia. Jaribio la kwanza binti alilifeli. Wiki iliyofuata alikwenda ofisini kwa profesa katika saa za wanafunzi, akiwa na karatasi yake na daftari alilokuwa ameanza kuyafanyia upya maswali yote aliyokosa. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine, hadi mwisho wa muhula. Profesa alikuja kujua kwamba kabla ya kipindi cha asubuhi binti huwa ametoka zamu ya usiku. Alijua pia, na hili ndilo lenye thamani, namna anavyofikiri anapokosea: haombi jibu, anaomba aonyeshwe pale alipopotea. Mtihani wa mwisho wa muhula ulimpandisha hadi B+.

“Lakini B+ ni B+,” akaniambia. “Nitaipeleka barua inayokumbusha kwamba sikupata A?”

Nikamjibu kwamba B+ hiyo iko kwenye transkripti hata kama profesa hataandika neno, na kwamba shaka ya kamati kuhusu C ya kemia haiwezi kujibiwa na A ambayo hakuna aliyeiona ikitafutwa. Inajibiwa na mtu mwenye uwezo wa kuandika: nilimwona akianguka, nikamwona anavyoinuka, na ninafundisha watu wa kutosha kujua kwamba wengi hawainuki hivyo. Hakukubali siku ile. Alikubali baada ya kukaa na kujaribu kuandika mambo ambayo kila mmoja wa wale maprofesa wawili angeweza kuyasema juu yake. Upande wa kemia ogania karatasi ilibaki na mstari mmoja.

Mwanafunzi wa uzamivu alikuwa na tatizo la namna nyingine. Yeye ndiye aliyekaa na binti maabara kwa mihula miwili, akamwona anavyoshika vifaa, anavyowaelekeza wenzake, anavyoandika matokeo yasiyompendeza bila kuyapamba. Pengine hakuna aliyemfahamu kwa karibu zaidi pale chuoni. Lakini vyuo vinapodai barua ya mwalimu wa sayansi huwa vinamaanisha mhadhiri mwenye somo, na saini ya mwanafunzi peke yake inaweza isihesabiwe. Ufumbuzi wake unajulikana katika vyuo vya Marekani: msimamizi wa maabara anaandika, kisha profesa mwenye somo anaisoma, anaongeza yake na kusaini pamoja naye. Profesa wa fiziolojia alikubali kwa sharti la kukutana kwanza na binti ana kwa ana, jambo ambalo lilinifurahisha. Anayesaini bila kuuliza chochote hunitia wasiwasi. Kwa kuwa chuo chake hakikuwa na kamati ya kuandika barua ya pamoja kwa waombaji wa udaktari, upande wa sayansi uliishia hapo. Kama chako kinayo, itumie. Vyuo huuliza kwa nini umeiruka.

Daktari ambaye hakuwa kwenye orodha

Dai la pili halikuwa na shahidi hata mmoja. Katika watu wale wanane hapakuwa na daktari mwenye DO.

Wasomaji walioko Afrika Mashariki na Ulaya wataniwia radhi kwa maelezo mafupi. Kwenu osteopathi anaweza kuwa mtaalamu wa kunyoosha viungo asiye daktari. Marekani ni tofauti: DO ni daktari kamili, anaandika dawa, anafanya upasuaji, ana leseni katika majimbo yote 50, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na ya MD, ile shahada nyingine ya udaktari, yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Zaidi ya nusu ya madaktari hao wako katika tiba ya msingi: madaktari wa familia, wa watoto, wa watu wazima. Kinachoongezeka katika masomo yao ni takribani saa 200 za uchunguzi na tiba kwa mikono. Mama wa binti aliposikia habari hizi mara ya kwanza aliuliza, “Kwa hiyo utakuwa daktari nusu?” Swali hilo ni la zamani kuliko yeye. Andrew Taylor Still alifungua shule ya kwanza mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na kwa miongo mingi wahitimu wake walipigana wapate kutambuliwa. California ilifika mahali pa kuwageuza: mwaka 1962 madaktari wa DO zaidi ya 2,000 wa jimbo hilo walipewa shahada ya MD kwa ada ya dola 65 na semina fupi, na jimbo likaacha kutoa leseni mpya za DO hadi mahakama kuu ya jimbo ilipoingilia kati mwaka 1974. Taaluma iliyowahi kufutwa kwa dola 65 ina haki ya kumuuliza mwombaji kama anaitaka kweli.

Ndiyo maana vyuo hivi huuliza barua ya daktari, na vingi hupenda daktari huyo awe DO. Vigezo vinatofautiana. Kuna vinavyomtaka DO tu, vipo vinavyokubali DO au MD, na vingine vinasema ingependeza na kuishia hapo. Jumuiya ya vyuo hivyo, AACOM, ina zana mtandaoni inayoitwa Choose DO Explorer ambayo inaonyesha masharti ya kila chuo, na binti aliyapitia yote ya orodha yake kabla hajamwomba mtu yeyote barua. Hilo ni jambo ambalo ningependa kila mwombaji alifanye mwanzo, maana nimeona watu wakikusanya barua nzuri ambazo hazikidhi masharti ya chuo wanachokitaka.

Alipoona pengo lake aliingiwa na hofu. Alikuwa amemfuata daktari kazini kwa muda mrefu, akimtazama anavyotibu, ila daktari huyo alikuwa MD wa hospitalini. Mpango wake wa dharura ulikuwa kuingia kwenye orodha ya madaktari ya AOA, chama cha madaktari wa DO, kumpata DO yeyote wa Columbus, kumfuata siku mbili, kisha kumwomba barua. Watu wengi hufanya hivyo, na barua zao hutambulika: daktari anaeleza falsafa ya osteopathia, anaeleza kliniki yake, na mwombaji anatokea aya ya mwisho akiwa amevaa vizuri na kuuliza maswali mazuri.

Nikamuuliza: wale wazee unaowahudumia usiku, daktari wao ni nani?

Alijua jina, ila hakujua shahada. Sheria ya shirikisho inataka mkazi wa nyumba ya wazee aonwe na daktari angalau mara moja kila siku 30 katika siku 90 za mwanzo, kisha angalau mara moja kila siku 60. Kwa hiyo katika kila nyumba ya namna hiyo kuna daktari anayekuja na kuondoka, na wasaidizi wanaowaogesha na kuwalisha wazee hupishana naye kwenye korido bila kufikiri kwamba anaweza kuwa na maana katika maisha yao. Zamu iliyofuata binti alitazama saini kwenye faili la mmoja wa wazee. Baada ya jina ziliandikwa herufi D na O.

Tena daktari huyo alimkumbuka kwa jambo fulani. Miezi kadhaa nyuma, mzee mmoja mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu alianza ghafla kuchanganyikiwa kupita kawaida yake, akawa mkali, anaita watu waliokwisha kufa. Zamu nzima ilisema ugonjwa umepiga hatua. Binti aliona kwamba mzee anashika ubavu kila anapogeuzwa na kwamba mkojo wake umebadilika rangi na harufu, akamweleza muuguzi, akaandika, na asubuhi akarudia kulisema mbele ya daktari. Vipimo vilionyesha maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa wazee huweza kuvuruga akili kabla hata homa haijapanda. Alipotibiwa, alirudi katika hali yake ya kawaida.

Hata hivyo hilo lilithibitisha dai la tatu pekee. La pili lilikuwa bado. Daktari alimjua kama msaidizi mwenye macho, na hakujua kama anaelewa DO ni nini. Kwa hiyo hatukuomba barua kwanza. Binti aliomba kumfuata katika kliniki yake ya tiba ya familia, akaenda Ijumaa kadhaa mfululizo. Aliona tiba ya mikono, mgonjwa wa mgongo akilala kwenye meza na daktari akimshika mbavu na nyonga. Lakini zaidi aliona shinikizo la damu, kisukari, fomu za bima, na watu waliotaka kuzungumza tu. Alimuuliza daktari kwa nini kwa mgonjwa huyu alitumia mikono na kwa yule akaandika vidonge, na daktari, kwa maelezo ya binti, alikaa naye muda mrefu baada ya wagonjwa kuisha. Baada ya hapo ndipo alipoifuta katika insha yake ile aya kuhusu mwili, akili na roho kuwa kitu kimoja, ambayo nusu ya waombaji wa DO huinakili kutoka mahali pamoja, akaandika juu ya mgonjwa wa mgongo.

Bingwa wa moyo

Sehemu hii ndiyo iliyomnyima usingizi, na ndiyo ambayo miongozo ya Kimarekani haina neno juu yake.

Katika hafla moja ya jumuiya, mbele ya mama yake, bingwa alikuwa amemwambia: “Binti, barua yangu ipo. Wewe andika, niletee, nisaini.” Mama alishukuru karibu kwa machozi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa nia ya mzee sina shaka hata kidogo. Alitaka kumsaidia mtoto wa wenzake na hakuwa na muda. Lakini mpango huo una kasoro mbili. Kwanza, hakuwahi kumwona binti akifanya kazi yoyote ile, hivyo barua ingekuwa ya sifa za jumla. Pili, mwombaji akijiandikia barua, sauti ya insha inajirudia ndani yake: misemo ile ile, mifano ile ile, hata makosa yale yale ya sarufi. Msomaji aliyezoea hulihisi, na akishalihisi, barua nyingine zote zinaingia doa. Achilia mbali kwamba mwandishi anathibitisha barua ni yake, wakati si yake. Kwa maoni yangu hili halina njia ya kati, na nilimwambia hivyo.

Ugumu ulikuwa kurudi nyuma bila kumvunjia mzee heshima. Kumwambia mtu wa umri na nafasi yake kwamba barua yake haihitajiki ni kumtukana yeye na mama kwa pamoja. Kunyamaza tu na kutopeleka rasimu ni kumfanya aseme watoto wa siku hizi hawana shukrani. Binti alikwenda nyumbani kwake Jumapili jioni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea karatasi?”

Akamweleza kwamba vyuo vinataka barua kutoka kwa waliomfundisha darasani na kumsimamia kazini, na hao amekwisha kuwapata. Kisha akamwambia kwamba kinachomtisha kweli ni usaili, kwani hajawahi kukaa mbele ya kamati ya madaktari, na hamjui mwingine wa kumfanyia majaribio isipokuwa yeye. Mzee alinyamaza kidogo, halafu akauliza usaili ni lini. Alikubali kumfanyia majaribio, na ahadi hiyo aliitimiza kwa ukali ambao barua yake isingekuwa nao hata chembe: alimkalisha sebuleni, akamuuliza kwa nini DO, akamkata maneno, akamuuliza tena. Alimfanya aeleze C ya kemia hadi alipoacha kuiombea radhi. Mama alinuna wiki nzima kwa sababu ya barua, kisha akaanza kuwasimulia watu kwamba bingwa mwenyewe ndiye anayemwandaa binti yake.

Mchungaji naye alijitolea kuandika, na swali likawa kama barua ya ziada ina ubaya gani. Katika AACOMAS barua zinakwenda kwenye vyuo vyote ulivyoomba. Huwezi kupeleka hii huku na kuizuia kule, na mwandishi akishaituma huwezi kuiondoa wala kuibadilisha. Barua dhaifu haikai kimya ndani ya faili. Inamchukulia msomaji muda ambao angeutumia kwenye nzuri, na inamwachia ladha yake. Mratibu wa wakalimani tulimwacha kwa sababu nyingine: alikuwa mtu mwema, ila alichokiona ni ratiba na karatasi za saa, hakuwahi kuingia chumba ambamo binti alikuwa akitafsiri. Kazi yenyewe ilielezwa katika sehemu ya uzoefu. Nafasi ya nne tulimpa msimamizi wa wauguzi, aliyekuwa mwishoni kabisa mwa orodha ya kwanza. Msaidizi anayefika saa nne usiku kwa wakati, anayemgeuza mzee asipate vidonda vya kulalia, anayesema ukweli anapokosea kwenye rekodi: hayo anayajua yeye, na hakuna profesa wala daktari anayeyajua.

Kuomba

Waswahili huomba kwa kuzunguka, na Mmarekani hukataa kwa kuzunguka. Wakikutana hao wawili, barua dhaifu inazaliwa bila mtu yeyote kukusudia. Binti alitaka kumwandikia profesa wa bayokemia: naomba kama ukipata nafasi, usisumbuke. Nilimshauri aulize wazi kama profesa anamfahamu kiasi cha kumwandikia barua yenye nguvu kwa chuo cha osteopathia, na aongeze kwamba atamwelewa kabisa akisema hapana. Kwake lilisikika kama kujisifu. Lakini swali hilo linampa mwandishi mlango wa kutokea. Na majibu ya kusikiliza ni yale ya nusunusu: naweza kuandika kitu, ila darasa lilikuwa kubwa. Hapo unashukuru na kwenda kwa mwingine. Profesa huyu alijibu kwa swali: “Nikiandika kuhusu jaribio la kwanza, utakubali?” Tukajua tumempata.

Kila mwandishi alipewa karatasi chache: wasifu, rasimu ya insha, transkripti, tarehe ya mwisho, maelezo ya jinsi ombi litakavyomfikia kwa barua pepe, na ukurasa mmoja wa matukio waliyoyapitia pamoja. Ukurasa huo ulichukua muda kuliko vingine vyote. Rasimu ya kwanza ilijaa sifa: mchapakazi, mwenye huruma, mwepesi wa kujifunza. Tulizifuta zote na badala yake akaandika daftari la maswali yaliyorudiwa, mzee aliyeshika ubavu, siku maabara ilipotoa matokeo ya ajabu na yeye akakataa kuyarekebisha. Anayekumbushwa tukio huweza kuandika kwa sauti yake mwenyewe. Kila mmoja alipata ukurasa tofauti. Muuguzi hakupewa habari za bayokemia.

Kuhusu haki ya kuisoma barua, ambayo sheria ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi, binti alisita kuiachilia. Aliyekulia kambini, ambako karatasi usiyoiona inaweza kuamua utalala wapi, ana sababu ya kusita. Hata hivyo aliiachilia, na nadhani alifanya vizuri: barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma husomwa kwa mashaka. Kinga yake ilikuwa katika kuchagua waandishi.

Maombi ya barua yaliwaendea waandishi mwezi Machi, kwa kuwa AACOMAS hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na vyuo vingi huita watu kwenye usaili na kugawa nafasi huku maombi mengine yakiendelea kuingia. Fomu yenyewe hakuisubirisha barua. Inaweza kuwasilishwa na alama kuanza kuhakikiwa kabla barua hazijafika, ingawa chuo kwa kawaida hakiligusi faili lisilokamilika. Barua ya daktari ilikwama kwa sababu ya kipuuzi: ombi la mfumo liliingia kwenye folda ya barua taka, na yeye akadhani binti ameghairi. Ujumbe mfupi wa simu ulilimaliza. Ya bayokemia ilichelewa hadi katikati ya Juni kwa kuwa profesa alikuwa safarini, na binti alimkumbusha mara mbili kwa adabu, jambo ambalo kwa desturi za kwetu lilimuumiza zaidi kuliko lilivyomsumbua profesa.

Faili lilikamilika mwanzoni mwa Julai na barua nne ndani. Ombi la mwisho alilowapelekea waandishi wote, pamoja na shukrani, lilikuwa kwamba waihifadhi nakala ya barua waliyoituma. Asipopata nafasi mwaka huu na akaomba tena mwaka ujao, AACOMAS haitazihamishia barua hizi kwenye ombi jipya. Itabidi zitumwe upya, na ni rahisi kwa mwandishi kubadilisha tarehe na kuongeza aya moja kuliko kuanza kukumbuka.